Wafini Wasiosindikizwa wa Kilole

Nimestaafu nikiwa na miaka kumi na saba, kidato cha tatu bado sijakimaliza, na nimetoka kazini na afya njema, meno yote na jina zuri mtaani. Si wengi wanaoweza kusema hivyo. Mwalimu wetu wa Historia anastaafu mwakani, na jina analoitwa mtaani sitaliandika hapa.

Haya nawaandikia nyie wadogo zangu wa kidato cha kwanza, mnaonisimamisha njiani kila siku kuniuliza kazi ya ukalimani ikoje na kama wazungu wengine watakuja Kilole. Sijui kama watakuja. Wakija, someni kwanza hapa. Kuhusu mshahara sisemi kitu, maana Mama Mkubwa naye anajua kusoma. Kuhusu vyeo, ofisi nzima ilikuwa mtu mmoja, kwa hiyo nilikuwa mkurugenzi, karani na mfagizi kwa pamoja, na sikuona sababu ya kujipandisha.

Kazi yenyewe ilikuja hivi. Pekka na Liisa, mume na mke kutoka Ufini, walihamia hapa kwetu Korogwe kwa sababu walitaka kumuasili mtoto, yaani awe wao kisheria kama wamemzaa. Mtoto ni Sikudhani, msichana wa kama miaka minne, aliyekuwa analelewa kwenye kituo cha watoto nje kidogo ya mji, njia ya kupita kwenye mashamba ya mkonge. Mambo haya hayaendi kama kununua kuku. Kwanza ilibidi waishi hapa, wamtembelee mtoto, wazoeane, huku afisa ustawi wa jamii anawaangalia. Afisa akiridhika ndipo anaandika kwamba mtoto ahamie kwao, halafu mahakama inaendelea na yake. Asiporidhika, safari imeishia hapo.

Walipanga vyumba viwili kwa Mama Mkubwa Zubeda, dada yake mama yangu, ambaye ndiye anayenilea. Wafini walikuwa na Kiingereza. Mama Mkubwa alikuwa na Kiswahili, pamoja na Kishambaa cha kugombeza. Mimi nilikuwa katikati na nilikuwa likizo.

Siku ya kwanza kazini nilidhani nitaulizwa mambo makubwa. Pekka alitoka chumbani asubuhi na mifuko ya takataka, ameitenganisha: chupa kwake, karatasi kwake, maganda ya ndizi kwake. Akaniuliza kila mfuko unapelekwa wapi. Nikamuuliza Mama Mkubwa.

"Mwambie chupa tunauza, maganda anakula mbuzi, karatasi tunawashia moto," alisema Mama Mkubwa. "Kwani kwao wanafanyaje?"

Nilipomtafsiria, Pekka akasema kwa heshima kubwa kwamba kwao serikali imehangaika miaka mingi na bado haijafika hapo. Mama Mkubwa alitembea kifua mbele wiki nzima. Mbuzi hakuambiwa kitu.

Mwalimu wangu wa kazi alikuwa huyo huyo Mama Mkubwa, ambaye Kiingereza chake ni "good morning" tu, na hiyo huisema hata jioni. Anauza vitumbua barazani, kwa hiyo maneno ya watu anayajua kuliko mtu yeyote Kilole. Jioni ya kwanza aliniita jikoni.

"Hawa mwanangu, chai unaichuja au huichuji?"

"Naichuja, Mama Mkubwa."

"Basi na maneno yachuje. Mtu akimtukana mgeni, sema amekohoa. Mgeni akisema jambo la kijinga, sema anashukuru."

Mafunzo yote ya kazi yaliishia hapo. Ni mafupi, lakini nawaambieni, kuna watu wana vyeti vya ukalimani na hawajui hilo.

Nilijaribiwa mapema. Jirani yetu Mama Shedraki alikuja kununua vitumbua, akamkuta Liisa barazani, akamkagua kuanzia kofia hadi viatu, kisha akaniambia: "Muulize huyu, mbona hakuzaa?"

Liisa alinitazama, anasubiri. Nikamwambia jirani anataka kujua kama kwao mvua inanyesha. Liisa akafurahi sana kuulizwa. Akaeleza mvua, akaeleza theluji, akaonyesha kwa mikono jinsi ziwa linavyoganda mpaka magari yanapita juu. Mama Shedraki alifuata mikono ile kwa makini.

"Amesemaje?"

"Amesema ni mipango ya Mungu."

"Maneno yote yale?"

"Kiingereza chao ni kirefu."

Mama Shedraki alitikisa kichwa kwa huruma, akamwachia Liisa kitumbua kimoja. Liisa akaniambia watu wa hapa wanapenda sana habari za hali ya hewa.

Maisha yao ya kila siku nayajua vizuri, maana nilikuwa ndani yake. Asubuhi wanajipaka mafuta ya kuzuia jua mpaka wanafanana na chapati kabla haijaenda kwenye kikaango. Wanachemsha maji, wanayachuja, kisha wanayanywa kwa mashaka. Pekka, ambaye kwao ni mhandisi wa madaraja, alikuwa anakwenda sokoni na kusema bei ya kwanza aliyoambiwa ni nzuri, hata nilipomkanyaga mguu. Kila anayepita anaomba kupiga nao picha, na wao wanamuuliza kama ana furaha. Mchana tunakwenda kituoni kumwona mtoto.

Sasa nifike kwenye zana. Nilikuwa na mwavuli wa Mama Mkubwa na chupa ya maji, lakini zana kubwa ilikuwa kidole changu cha shahada. Hiyo inahitaji maelezo.

Wafini walikuwa na mtaalamu wao wa watoto huko kwao, anayeongea nao kwa simu ya video, nyuma yake dirisha limejaa weupe. Mtaalamu huyo aliwaambia kwamba kuagana kunaumiza mtoto. Kwa hiyo muda wa kuondoka ukifika, wasiage, wasikumbatie, wasikawie. Mtoto akigeukia kitu kingine, watoke polepole. Na mtu wa kumgeuza mtoto alitakiwa awe anayejua lugha.

Ndiyo nikawa mimi. Muda ukifika, Pekka ananikonyeza. Mimi nanyoosha kidole juu. "Sikudhani, tazama kunguru." Sikudhani anatazama juu. Wafini wanatoka kwa vidole vya miguu kama watu waliovunja duka. Mtoto akirudisha macho chini, viti ni vitupu, nami nimeshafika getini.

Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri. Halafu Sikudhani akaacha kutazama juu. Ukimwambia kunguru, anatazama miguu ya Liisa. Halafu akaacha kucheza nao kabisa. Tukifika, anageukia ukuta na kukaa hivyo, kimya, mpaka tuondoke. Liisa alimletea mdoli, akamweka pembeni yake, mtoto hakumgusa. Pekka alijifunza wimbo mzima wa Kiswahili, akauimba mbele ya mgongo wa mtoto mpaka mwisho. Mama mlezi wa kituo, mwanamke mpole mwenye kanga mbili sikuzote, alikuwa anawaletea uji na kuondoka haraka, anaona aibu kwa niaba ya kila mtu.

Afisa ustawi wa jamii alikuja kutazama. Huyu ni mama ambaye sijawahi kumwona akicheka mbele ya mtu mwenye faili kwake. Alikaa kwenye kiti, akauangalia ukuta, mtoto na Wafini, akaandika. Wakati wa kutoka akaniambia niwaeleze neno kwa neno.

"Nitakuja tena mwisho wa mwezi, na hiyo ni ya mwisho. Nikikuta mtoto bado anawapa mgongo, nitashauri atafutiwe familia nyingine. Siwaonei. Mtoto amesema kwa mgongo wake, nami nimemsikia."

Nilitafuta cha kuchuja hapo, sikukipata. Nilisema vile vile. Jioni ile Liisa alitoa vyombo safi kabatini akaviosha tena vyote, na Mama Mkubwa akakaa naye kwenye beseni, akivisuuza bila kuuliza.

Katikati ya mwezi tukaenda Handeni. Sikudhani ana bibi yake upande wa mama, anaishi kijiji kimoja kati ya Handeni mjini na Mkata. Ni bibi mzee, macho yamefifia, hawezi kulea mtoto mdogo, na alikuwa amekubali mjukuu aasiliwe ila akataka kuwaona kwanza wanaomchukua. Tulikodi gari, mimi, Wafini, mtoto na mama mlezi. Njia nzima Sikudhani alikaa dirishani, ametupa mgongo, anaangalia ng'ombe wa Wamasai.

Bibi alitupokea vizuri. Tulimpa shikamoo, hata Pekka, ambaye kwa kujihami huwa anampa shikamoo kila mtu mpaka watoto wa chekechea. Tukala ugali wa muhogo na mlenda. Bibi aliwapapasa Wafini mikono, akasema Liisa ana mikono ya mtu anayefanya kazi, jambo ambalo nilitafsiri bila kupunguza.

Halafu dereva akasema jua linakwenda. Bibi akainuka kwenda nyuma ya nyumba. Hapo ndipo Wafini walipofanya walichozoea. Pekka alinikonyeza, sikujua hata kwa nini. Waliinuka, wakatoka kwa vidole vya miguu, wakaingia kwenye gari, wakafunga mlango polepole. Ninavyowajua, walidhani wanamwepushia yule bibi uchungu.

Bibi alirudi, na Sikudhani nyuma yake amekumbatia kuku jike, zawadi ya wageni. Mkeka ulikuwa mtupu.

"Wageni wako wapi?" aliuliza bibi.

"Wako kwenye gari, bibi," alisema dereva.

"Kwenye gari wanatafuta nini?"

"Wanaondoka."

"Wanaondoka wamemuaga nani?" Bibi akanigeukia mimi, sauti imeshuka. "Mjukuu wangu, nimewakosea nini? Mboga ilizidi chumvi?"

Nilikuwa bado natafuta uongo unaofaa wakati Sikudhani aliposema, kuku kamkandamiza kifuani:

"Hawajakasirika na wewe, bibi. Hata kwetu wanakimbia hivyo hivyo. Hawataki tuwasindikize. Dada Hawa ananionyesha kunguru, wao wanakimbia."

"Kunguru gani?" aliuliza bibi.

Watu wote waliokuwa pale uani walinitazama.

"Anapitaga tu, bibi," nilisema.

Nyie ni watu wa hapa, mnajua nazungumzia nini. Mgeni akitoka kwako unainuka naye. Unamfikisha mlangoni, unamfikisha njia panda, mnasimama, mnaanza maongezi mapya, na mkiwa mnapendana mnafika mpaka barabarani. Mgeni anayetoroka, ama kaiba, ama umemuudhi. Mtoto wa miaka minne anajua hilo. Sisi wakubwa tulijua pia, tukaangalia watu wawili wanamtoroka mtoto kila siku na hakuna aliyesema kitu. Mama mlezi alikiri pale pale kwamba kituoni walishakata shauri Wafini wanauchukia uji wao, na walikuwa wameubadilisha mara mbili. Mama Mkubwa nilipomsimulia baadaye alisema: "Niliona siku nyingi. Nikadhani ndiyo dini yao." Na mimi niliyenyoosha kidole nilidhani wazungu wanapenda kuwahi.

Nilikwenda kwenye gari, nikawaeleza. Niliwaambia yote, bila chujio. Liisa aliniuliza kitu kimoja.

"Kwa hiyo siku zote hizi amekuwa akidhani tunamkimbia yeye?"

"Ndiyo."

Pekka aliuliza kama ningeweza kurudia. Nilirudia. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena.

Bibi naye hakuwa na muda wa machozi. Alifika kwenye gari na fimbo yake, akagonga kioo.

"Waambie washuke. Warudi ndani, wakae. Halafu waondoke kama watu."

Wakashuka. Wakarudi kwenye mkeka, wakakaa, nasi sote tukakaa, kana kwamba ndiyo kwanza tumefika. Kisha Pekka, kwa Kiswahili chake cha kulazimisha, akasema, "Bibi, sisi tunaomba njia." Bibi akasema mbona mapema, kaeni kwanza. Nikamnong'oneza Pekka kwamba hapo unakataa kidogo. Akakataa kidogo. Bibi akainuka.

Alitusindikiza kwa mwendo wa fimbo, akapita shamba la mahindi, akapita tangi la maji, gari linatambaa nyuma yetu na dereva ananung'unika habari za mafuta. Mbele ya wote alikwenda Sikudhani na kuku wake. Tulisimama mara nyingi, na kila tuliposimama bibi alikumbuka jambo la kumwambia Liisa: mtoto huyu hapendi kuamshwa ghafla, akiumwa tumbo anaficha, mama yake alikuwa mcheshi. Ndani ya nyumba hakuwa amesema hata moja kati ya hayo. Ng'ombe wa jirani walitukuta katikati ya njia, na kijana anayewachunga akawazuia mpaka tumalize kuagana. Hakuuliza. Aliona wageni wanasindikizwa.

Baada ya hapo kazi yangu ilibadilika, kidole kikapewa likizo. Siku iliyofuata kituoni, Sikudhani aliugeukia ukuta wake kama kawaida. Muda ulipofika, Liisa alichuchumaa, akasema maneno tuliyofanya mazoezi njia nzima: "Sikudhani, tunaondoka. Utatusindikiza?"

Mtoto aligeuka. Aliwatazama muda mrefu kama mtu anayekagua noti. Kisha akaanza kutafuta ndala zake.

Alitufikisha getini. "Naishia hapa," alisema, kwa sauti ya mama mwenye nyumba, akarudi. Siku nyingine alifika kwenye mfenesi. Baadaye akafika barabarani, na hapo tukapata tatizo la kitaalamu, kwa sababu mtoto hawezi kurudi peke yake. Ikabidi Wafini wamsindikize yeye mpaka getini. Kufika getini, yeye akaona wageni wanaondoka, akawasindikiza. Wakafika barabarani, wakamrudisha. Pekka, ambaye madaraja yake hayajawahi kumshinda, alijaribu kunieleza kihesabu kwamba jambo hili halina mwisho. Ilibidi mama mlezi atume mtu kuja kuwatenganisha. Kuaga kukawa kurefu kuliko kutembelea, na maongezi yote ya maana yakawa njiani. Mtaalamu wa kwenye simu alipoelezwa, alinyamaza mpaka tukadhani mtandao umekatika.

Mwisho wa mwezi afisa akaja na faili. Mvua ilikuwa imenyesha, bodaboda aliyemleta akagoma kupanda kwenye matope, akamsubiri chini barabarani. Siku ile Sikudhani hakucheza vizuri hata kidogo. Alikuwa na mafua, akamnyang'anya Pekka kalamu, akagoma kuimba. Mdoli alikuwa kifudifudi. Afisa aliandika, akaandika tena. Liisa alikuwa mweupe kuliko mafuta yake ya jua.

"Basi, nimeona," alisema afisa, akafunga begi.

Akainuka. Sikudhani akainuka pia, akavaa ndala, akamshika Pekka kidole na Liisa kidole, tukatoka wote. Tulishuka polepole kati ya mistari ya mkonge, afisa akikunja sketi asichafuke. Getini tukapita, kwenye mfenesi tukapita, tukafika barabarani. Afisa akawageukia Wafini.

"Haya, na nyie mnakwenda. Muageni mtoto."

Kabla sijafungua mdomo, Sikudhani alijibu. "Wao hawaendi. Wewe ndiyo unakwenda."

"Mimi?"

"Wewe si mgeni? Sisi tunakusindikiza."

Afisa alimtazama. Alitazama vile vidole viwili alivyoshika mtoto, mkono huu na mkono huu. Bodaboda alizima pikipiki yake.

"Sasa mnaishia wapi?" aliuliza afisa taratibu.

"Tunaishia hapa. Karibu tena."

"Ahsante, mwanangu. Nimekaribia."

Alipanda pikipiki upande, akaweka begi mapajani. Alikuwa bado hajacheka, ila alinyanyua kidole kuniita. "Waambie Jumatatu waje ofisini mapema. Na watafute kitanda cha mtoto."

Niliwaambia. Liisa alificha uso ndani ya kofia na hakutoka humo. Pekka aliniuliza kitanda cha urefu gani.

Pikipiki ilipoondoka tulibaki pale kwenye matope. Mimi nilikuwa nawaza tutakavyosherehekea, nani apeleke habari kwa Mama Mkubwa, na kama kuku wa bibi sasa atachinjwa. Sikudhani akanivuta mwavuli.

"Dada Hawa."

"Abee."

"Na wewe twende tukusindikize."

"Mimi? Mimi nipo na hawa. Nawasaidia kuongea."

Alinitazama kwa upole, kama mtu anayempa mwenzake habari ambayo wengine wote wanazo. "Twende," alisema.

Walinifikisha mpaka kwa fundi baiskeli. Pale akasimama, nao wakasimama, akasema sisi tunaishia hapa. Nikaaga, nikaendelea kuelekea Kilole. Nilipogeuka walikuwa wameshafika mbali, watatu, wanapanda kurudi kituoni. Mtoto alikuwa anaeleza kitu kirefu kwa mikono yote, Pekka anaitikia, na hakuna aliyeangalia nyuma kuniita nitafsiri.